Mita 60 hazitoshi, geuzeni mawe ya mto

Mhariri,

Kila masika yakikaribia, kingo za mito yetu hapa Moshi hupandwa miti, mpaka wa mita 60 uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hutangazwa upya, kisha mambo hurudi palepale. Sheria hatuipingi. Ila kupima mita hakuonyeshi kama mto umepona. Hilo analijua mdudu aliye chini ya jiwe.

Maji yaliyochotwa kwenye chupa hueleza hali ya saa ile tu. Sumu iliyopita jana usiku haimo. Wadudu wengi wa mtoni hukaa majini wiki au miezi kabla ya kuota mbawa, kwa hiyo kila kilichopita kimewapitia wao.

Inua jiwe kwenye maji yanayokimbia, huko juu karibu na msitu. Upande wa chini kuna wadudu bapa wenye mikia mitatu, matamvua yakipepea ubavuni; wengine wana mikia miwili; wengine wamejijengea vijumba vya punje za mchanga. Sasa shuka hadi mto unapopita katikati ya nyanya na sehemu za kuoshea magari. Jiwe limezama nusu kwenye tope, na waliobaki ni minyoo na funza wekundu. Wekundu huo ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, ndiyo maana wanavumilia maji yaliyopungukiwa oksijeni.

Udongo ndio unaoanza kuharibu. Nafasi kati ya mawe ni nyumba ya wadudu hawa, na shamba lililolimwa hadi ukingoni, matuta yakifuata mteremko, huziba nafasi hizo kwa mvua moja kubwa. Mabingobingo ukingoni husaidia kuukamata udongo, mradi yasikatwe yote kwa siku moja. Mikaratusi tusiihesabu kama msitu: majani yake huoza polepole na ni chakula duni kwa viumbe wa mtoni. Maji ya kumenyea kahawa nayo huja wakati mto umepungua. Sukari yake hulisha bakteria, nao humaliza oksijeni. Yachimbiwe shimo mbali na mto.

Baya zaidi, kwa maoni yetu, ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa kusuuzwa mtoni. Dawa za jamii ya pairethroidi, zinazotumika sana kwenye nyanya, huua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno, hata kabla samaki hajaonyesha dalili. Maji yachotwe kwa ndoo, dawa ichanganywe shambani, bomba lisuuzwe mara tatu na maji hayo yapuliziwe palepale kwenye mimea.

Kupima si kazi ya maabara peke yake. Tengenezeni fremu ya sentimita 30 kwa 30 yenye wavu wa matundu ya milimita moja hivi. Wavu wa dirishani unafaa. Msikate chandarua cha kulalia, vingi vina dawa inayoua haohao mnaowatafuta. Anzeni kituo cha kupimia cha chini ndipo mpande juu, msije mkachafua maji ya kituo kinachofuata. Wavu ukae upande maji yanakoelekea. Sugueni mawe kwa miguu dakika 2, mwage kwenye beseni jeupe.

Hesabuni aina, si wingi. Mtoni, chini kidogo ya mfereji wa maji machafu, wadudu wanaweza kujaa kuliko msituni, ila wote wa aina mbili tatu. Tanzania tayari ina mfumo wake wa alama, TARISS, uliotokana na SASS5 wa Afrika Kusini. Katika SASS5 asiyevumilia uchafu ndiye hupata alama kubwa: minyoo hupata 1, funza wale 2, wa mikia miwili 12. Jumlisheni alama, gawanyeni kwa idadi ya aina. Kaa asiwadanganye, alama yake ni 3 tu.

Tunaomba jumuiya za watumia maji katika Bonde la Pangani zipime mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, juu na chini ya kila eneo la kilimo. Msipime mara baada ya mafuriko, kwani hayo huwazoa wote, wa maji safi na wa maji machafu. Matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji, ya juu na ya chini yakiwa karatasi moja.

Wataalamu wa ikolojia ya mito,
Moshi