Hatukutia Maji Kwenye Wino Wako

Juzi mzee mmoja, mteja wetu, aliibwaga chupa ya wino wa kalamu wa bluu-nyeusi juu ya kaunta ya duka letu. "Mmeuza maji yenye rangi." Ni wa tatu tangu mwaka uanze, na malalamiko ni yaleyale, kwa hiyo acha nieleze hapa mara moja.

Wino ule ni wa chuma. Hutengenezwa kwa tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, ya vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, kisha hutiwa rangi kidogo ya bluu ili unayeandika uone unachoandika. Mara ya kwanza hutoka umepauka, kama maji yaliyosuuziwa sare ya shule. Hewa ikiupiga hukolea wenyewe, na kesho yake unakuta mweusi wenye ukijivu. Haupendezi, nakubali. Lakini Uingereza, kwa miaka mingi, wino wa aina hii ndio uliokuwa ukiandikiwa vitabu vya usajili wa vizazi na ndoa, kwa kuwa hauondoki ovyo.

Kwenye daftari letu la kujaribia kulikuwa na mistari miwili ya wiki iliyopita: mmoja wa huo anaouchukia mzee, mwingine wa bluu ile ya kung'aa inayofulika. Nikadondosha maji juu ya yote miwili. Bluu nzuri ikatawanyika hadi pembeni, maneno hayasomeki. Wa chuma ukatoa ubluu kidogo tu, maandishi yakabaki pale pale. Mzee akanyamaza, akaitoa kalamu mfukoni.

Hapo ndipo nilipochoka. Kumbe ili rangi ikolee alikuwa ameuchanganya na wino wa muhuri! Wino wa muhuri ni mzito, umetengenezwa usikauke upesi kwenye pedi yake. Si wa kupita kwenye mfereji mwembamba ulio chini ya nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu. Mle ndani nilikuta tope linalonata kama lami. Niliiloweka kalamu siku tatu, nikibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha siki iliyozimuliwa sana, kisha maji tena. Spiriti sigusi, huharibu baadhi ya plastiki. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alitia wino wa wachora ramani, ule ukikauka ndiyo basi, na kalamu yake hadi leo iko kwenye droo yangu.

Nilimtoza shilingi 1,200. Akasema kalamu yenyewe ni ya plastiki. Sawa mzee wangu, ila siku zangu tatu si za plastiki.

Rangi nyingine mbaya zipo, sikatai. Ile ya njano-kijani chini ya taa huioni kabisa, nami siiagizi tena. Ya ugoro ilinikalia rafuni muda mrefu, hadi mwalimu mmoja alipoichukua ya kusahihishia: anasema hakuna mwanafunzi atakayejiongezea alama kwa rangi ile. Sasa ananunua kila muhula.

Ukitaka wa chuma, njoo uandike mstari kwenye daftari letu, rudi kesho uutazame, ndipo ulipe. Na usiuache ukaukie ndani ya kalamu: kila ukimaliza kujaza mara mbili tatu, pitisha maji safi mpaka yatoke meupe. Hiyo hatutozi, unafanya mwenyewe kwenye sinki.