YAH: KOILI MBOVU NA KUDHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, naandika huku nimejizuia sana. Koili ya gari mliyoniuzia, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ni mbovu. Niliirudisha na risiti, dhamana ikiwa hai, na mhudumu wenu akanijibu mbele ya wateja: "Mama, koili haipimwi jikoni. Lete fundi." Kisha akaisukuma, ikaanguka chini.

Nimeipima, tena sawasawa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, niliihamisha kutoka silinda ya 2 kwenda ya 3, plagi sikuzigusa. Msimbo wa hitilafu wa gari, P0302 (silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi mafuta vizuri), ukageuka P0303 (silinda ya 3), yaani misi iliifuata koili yenu ilikokwenda. Nikaichomoa, nikaweka mita ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, nikagusa pini zake mbili. Koili ya silinda ya jirani, ya aina ile ile, ilisoma 0.8. Yenu haikusoma kitu. Waya wa ndani umekatika. Fundi angeongeza nini hapo?

Na mita nilikuja nayo! Nilimwomba mhudumu apime mwenyewe, kazi ya sekunde chache. Hakuitazama. Alimgeukia mwenzake wakacheka, ndipo akapaza sauti foleni nzima isikie kwamba koili haipimwi jikoni, akaisukuma kama takataka, nikainama mimi kuiokota miguuni pa watu. Hakuna aliyesema pole. Siku ya kuniuzia, huyo huyo aliniapia kuwa ikisumbua niirudishe tu, nitabadilishiwa bila maswali. Simu niliyopiga ofisini kwenu kabla ya kuirudisha iliishia kwenye "subiri kidogo".

Gari nimelisimamisha, maana petroli isiyoungua hupita hadi kwenye masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, ikawakia humo na kuyayeyusha. Nililiendesha likimisi mpaka dukani kwenu, kwa kuamini dhamana yenu.

Nilitaka koili nyingine tu. Sasa sitaki koili yenu yoyote. Nataka fedha zangu zote, na barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe pamoja na mhudumu huyo. Masega yakikutwa yameharibika, gharama ni yenu.

Nawapa siku 7. Video ya vipimo ninayo, koili ninayo, risiti ninayo. Mkinyamaza, vyote vinakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji, na baada ya hapo mahakamani. Sitapiga simu tena.

Wenu,
Mteja mliyemdhalilisha