Idi Mubarak kutoka Amu (Lamu), na msamaha mmoja niliochelewa kuuomba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzangu na nyinyi wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa wengine mna mvi kunishinda, mimi na mama wa nyumba na watoto wote tunawapa mkono wa Idi. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mungu azikubali funga zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atufikishe na mwakani tukiwa na uzima na imani. Amin.

Meseji hii naituma kila mwaka na najua wengi wenu mnasoma mstari wa kwanza, mnajibu "Amin nawe pia", mnarudi kwenye vibibi vyenu vya mchele. Sina neno, hata mimi zenu nazifanyia hivyohivyo. Ya mwaka huu ni ndefu kidogo, asiye na nafasi aishie hapa, salamu zimemfika.

Idi hii imetukuta mwisho wa kaskazi. Joto ndio hili mnaloliona, upepo umekatika, tuko kwenye maleleji na bahari imetulia tuli. Vijana hawazingatii lakini sisi tumeiona Ramadhani ikizunguka, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja, tumeifunga kwenye kusi mashua zikipigwa na mawimbi, tumeifunga kwenye masika madari yakivuja, sasa imeturudia tena kwenye jua hili. Na vitu vimepanda, nani hajui. Karibu kila tunachokula hapa kimevuka maji kutoka Mokowe bara, kimebebwa na hamali kikapandishwa punda, na petroli ikiongezeka kila mtu hapo katikati anaongeza lake. Unga wa ngano sawa, mafuta sawa, sukari sawa, lakini nazi jamani? Nazi hii ya kwetu wenyewe imekuwa ya kuhesabu, siku hizi mama wa nyumba anakamua tui la kwanza, la pili na la tatu mpaka machicha yanaomba msamaha. Nguo za Idi za wajukuu ni moja moja, za mwaka jana zimeteremshwa pindo. Alhamdulillahi, wamevaa.

Sasa niseme langu. Mwezi huu mimi sikufunga. Naandika kwa aibu ingawa dokta amenikataza na sheikh amenambia sina dhambi, na fidia nimetoa, masikini mmoja kwa kila siku. Lakini mtu aliyeanza kufunga akiwa na miaka minane, leo ana 59, akae nyuma ya pazia saa saba mchana na sahani ya wali wa jana huku nyumba nzima imefunga, wallahi unajihisi mwizi. Mama wa nyumba alikuwa ananipashia kile chakula yeye mwenyewe na saumu yake, anafunga dirisha la jiko ili harufu isitoke kwa majirani, ananiwekea, anaondoka bila neno. Siku ya kwanza nilishindwa kumeza. Siku ya kumi nilikuwa nauliza mbona hamna pilipili. Binadamu bwana.

Wengi wenu mnajua habari za mguu wangu kwa juu juu, kwamba Maalim alikatwa vidole viwili Mombasa kwa sababu ya sukari. Hamjui ilivyokuwa, na kuieleza lazima nianze na dago.

Sisi tulipooana tulikaa dari ya juu nyumbani kwa wazee wangu, chumba kimoja, na watoto walipoanza kuja ukawa mkeka unagusana na mkeka. Siku moja bibi yangu akanambia, wavuvi wanakwenda dago wanalala visiwani wiki nzima, kwani sisi tuna nini? Nikanunua hema la kijani kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, zipu mbovu, bibi akalitengeneza kwa uzi wa kofia. Safari ya kwanza tuliyopakia mitungi na jiko la makaa pale bandarini, watu walicheka, ati Maalim kafukuzwa nyumba na wazee. Tukaenda hivyo hivyo. Tukawa tunakwenda kila shule zikifungwa, mara Kipungani, mara Manda, na zaidi Takwa, kwenye magofu ya mji wa kale huko huko Manda, manake pale kuna mibuyu ya kivuli na kuna utulivu ambao mji hauna. Wenyeji mnajua Takwa ni mpaka maji yajae, ule mkono wa bahari katikati ya mikoko ukikupwa hapiti mtu, ukikosea hesabu umelala hapo upende usipende. Na maji ya kunywa ubebe mwenyewe. Usiku watoto walikuwa wanaogopa yale magofu, mji uliohamwa miaka mia tatu na zaidi una vishindo vyake, basi mama yao anakaa mlangoni pa hema anasoma Ayatul Kursiyyu mpaka wa mwisho alale, ndio anafunga zipu. Watoto watano, hema la watu watatu. Yule binti yetu aliyeolewa Malindi mpaka leo akiumwa na kichwa anasema anataka changu wa kuchoma wa Takwa.

Kisiwa cha Kiwayu hatukufika. Nilimuahidi bibi yangu Kiwayu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nikamwambia ni mbali, petroli ni nyingi, lakini nitakupeleka tukae wiki. Kisha karo. Kisha ikaja 2011 usalama ukaharibika, kuvua usiku kukakatazwa, miaka hiyo hata Takwa tuliisikia kwenye ndoto. Mambo yalipotulia nikawa na neno langu jipya, "nikistaafu". Kila kitu nikistaafu. Tutakwenda Kiwayu nikistaafu, nitapima afya nikistaafu, kana kwamba barua ya kustaafu inakuja na miguu mipya.

Aliyekuwa akitupeleka safari zote hizi ni rafiki yangu nahodha, tumesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja tukachapwa bakora moja. Pesa hataki, ukimlazimisha anachukua ya petroli tu. Ndani ya hema halali, akisema hema ni nyumba waliyojengewa mbu, analala kwenye mashua yake mguu mmoja umening'inia nje. Rajab hii tumemzika. Kifua kilimbana alfajiri, kabla ya dhuhuri ameshapita. Mashua yake iko pale pale ilipofungwa, watoto wake hawajaamua waiuze au vipi, na mimi nikipita hapo napitia njia ya ndani. Mungu amrehemu, amsamehe, amlaze mahali pema. Naomba msomaji wa hapa amsomee Fatiha.

Basi Agosti iliyopita alitupeleka Takwa mimi na bibi, wawili tu, watoto wote washakwenda zao. Nikashuka kwenye maji bila viatu kama nilivyoshuka maisha yangu yote. Chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wakanikata unyayo, na sikuhisi. Hapo ndipo pa kuogopa, sikuhisi chochote, nilijua tu nilipoona damu kwenye matope. Nikaosha kwa maji ya bahari, nikachana kikoi nikafunga, nikanyamaza. Nilijua nikisema safari imekwisha siku hiyo hiyo.

Tukarudi nyumbani. Bibi akaniuliza mguu una nini unachechemea, nikamwambia kiatu kimenichubua. Akaleta tochi aangalie. Sasa mjue yeye wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia ukungu mtupu na la kushoto nusu. Akainama pale na tochi, akashika mguu wangu, akaugeuza, akasema ah, kweli kidogo tu. Nami nikamwacha aamini. Nilimuona anavyokunja uso kutafuta asichokiona, nikanyamaza.

Wiki ya pili chumbani kukawa na harufu. Yeye akadhani ni panya kafia chini ya kitanda. Akatoa vitanda, akatoa makasha, akafagia pembe zote na mgongo wake ule, panya hakuna. Akafukiza udi siku tatu mfululizo. Ya nne usiku nimelala akaifuata ile harufu kwa pua mpaka ikamfikisha miguuni kwangu. Akaniamsha akanambia maneno manne tu, "Maalim, ni wewe unayeoza."

Yaliyofuata mnayajua, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, sukari kupimwa inasoma 24 mmol/L. Karatasi za bima, njoo kesho njoo keshokutwa, huku kidole kimoja kinageuka rangi, kikawa viwili. Kijana wetu aliye Qatar alituma akiba yake ya mahari, yote. Bado hajaoa. Mungu atamlipa, na inshallah na mimi nitamlipa.

Sasa wanaume wenzangu mnisikilize, hasa nyinyi wa barazani mnaosema sukari ni ugonjwa wa matajiri. Kipimo cha asubuhi kabla hujala kikifika 7, na kikirudiwa kikasema hivyohivyo, hiyo ni sukari, usitafute jina jengine. Inaweza kukaa miaka haikuumi. Inaua hisia za nyayo kidogo kidogo, unakanyaga moto hujui, unakanyaga kigae hujui. Kila usiku kabla ya kulala angalia nyayo zako, na kama tumbo halikuruhusu kuinama weka kioo chini au mwite mkeo, na umwambie ukweli! Usitembee pekupeku hata chooni. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Kidonda cha siku mbili mpelekee dokta, usikitie majivu wala mafuta ya taa. Na hii Ramadhani yetu nayo tuiangalie jamani, tunafunga mchana usiku tunalipiza, tambi za sukari, kaimati zinaogelea kwenye shira, juisi jagi zima, halafu tarawehe tunasinzia tunasema ni shetani. Shetani si amefungwa? Ni shira. Mtume wetu alifungua kwa tende, akikosa kwa maji. Afya ni amana, na amana utaulizwa, utasimama mbele ya Mola wako uambiwe nilikupa miguu miwili umeifanyia nini, na huwezi kujibu kwamba nilikuwa nangoja kustaafu, kwani nani amekuandikia kwamba utafika? Rafiki yangu nahodha alikuwa na miaka 58…

Haya, nimeanza hutuba. Kazi ya ualimu haitoki mwilini, mtanisamehe.

Na tukifika kwenye kusameheana, kila Idi naandika "kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kutojua anisamehe", nalinakili tu kutoka la mwaka uliopita. Mwaka huu kuna niliyemkosea kwa kujua. Mama wa nyumba, nakwambia mbele ya watu: sikuwa nimechubuliwa na kiatu. Madaktari niliwaambia ni chaza, wewe ukabaki na lile la kiatu, ukawa unawaeleza wageni waliokuja kunipa pole kwamba ni kile kiatu cheusi, mpaka ukakitupa, kiatu hakina kosa. Nilijua jicho lako halioni na nikajificha hapo hapo kwenye jicho lako. Nilitaka siku mbili zaidi za Takwa, basi. Nisamehe. Ningeweza kukwambia chumbani lakini kila nikianza unaniuliza kama nimekunywa dawa.

Januari alifanyiwa operesheni ya lile jicho la kulia, alhamdulillahi, sasa anasoma mpaka tarehe za kwenye mikebe ya maziwa, kwa hiyo meseji hii ataisoma mwenyewe, hatasomewa.

Mosi na pili tuko nyumbani, karibuni sana, mahamri yapo, mbaazi zipo, kahawa chungu ipo, halua kidogo na mimi msinionyeshe. Siku ya tatu mtakuta mlango umefungwa. Mwezi ni mchanga, bamvua hilo, maji ya Takwa yanajaa alasiri, na mtoto mkubwa wa marehemu amesema ataishusha mashua ya baba yake atupeleke. Kiwayu tutaona, petroli hatujaipata. Hema limeshatolewa kasha, mama wa nyumba jana amekaa barazani analishona zipu tena, uzi ameutunga mwenyewe kwenye sindano mara ya kwanza tu, akanitazama nione. Viatu vya mpira vya kushukia nimenunuliwa, ni vya zambarau, vya kike, ndio saizi iliyokuwapo. Msicheke bandarini.

Watoto watakaopita siku hiyo, mkono wenu wa Idi nimeuacha kwa jirani wa mlango wa buluu, shilingi hamsini hamsini, na nimemuandikia majina, msipite mara mbili.

Idi Mubarak.