John Amos siyo "baba yake Lisa" tu

Mhariri salaam. Mimi msomaji wako wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nanunua kila Jumamosi, kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe kidogo. Kwenye ukurasa wa burudani mliandika habari za waigizaji wa Marekani waliofariki mwaka 2024, James Earl Jones mkampa nusu ukurasa, sawa, anastahili yule, alafu chini kabisa mstari mmoja kwamba John Amos, "baba yake Lisa kwenye Coming to America", naye amefariki. Mstari mmoja basi. Imeniuma, nimekaa nayo wiki mbili nikaona haitoki, ndo naandika.

Sikatai kwamba wengi wetu tulimjulia kwenye hiyo muvi ya 1988. Mabanda ya video ya zamani yale, mkanda umechoka mpaka picha inaruka, na tulikuwa tunaisubiri ile sehemu ya mzee Cleo McDowell, ndo Amos huyo, anaeleza kwamba duka lake la baga halijaiga McDonald's, wao wana Big Mac yeye ana Big Mick na mkate wake hauna ufuta. Lakini kuna sehemu nyingine kule mwishoni, mfalme anasema Lisa hamfai mwanawe, na Cleo ambaye muda wote alikuwa anautaka huo utajiri wa kifalme anageuka anamwambia mfalme akirudia neno moja juu ya Lisa atampiga teke. Mfalme mwenyewe ndo huyo huyo James Earl Jones. Sasa angalia tarehe, Amos amefariki 21 Agosti 2024 huko Los Angeles akiwa na miaka 84, Jones akafuata 9 Septemba, dunia nzima ikamlilia Jones na wakati huo mwenzake ana siku 19 hayupo na watu hawana habari, mpaka 1 Oktoba ndo ikatangazwa, yani arobaini imeshapita.

Alizaliwa Newark, New Jersey, 27 Desemba 1939, na uigizaji haukuwa ndoto yake ya kwanza, alitaka mpira, ule wa kwao wa kubeba mkononi. Akaucheza chuoni Colorado State, mwaka 1964 akaenda kujaribu timu ya Denver Broncos na msuli wa paja umevutika, siku ya pili tu wakamwacha. Akazunguka timu ndogo ndogo miaka kadhaa, 1967 akafika Kansas City Chiefs, na kocha Hank Stram akamwambia bila kumficha kwamba yeye siyo mchezaji wa mpira, ni mtu anayejaribu kucheza mpira. Amos akaandika shairi kuhusu kuachwa, akaomba awasomee wachezaji, wakasimama wakampigia makofi. Mimi naona maisha yake yote yamegeukia hapo. Mwaka 1969 alikuwa mwandishi kwenye kipindi cha tv cha mwanamama Leslie Uggams, na kuanzia 1970 akawa mtabiri wa hali ya hewa kwenye The Mary Tyler Moore Show, mtu mweusi mwenye kazi yake ya heshima tu, hachekwi kwa rangi yake.

Alafu Februari 1974 ikaanza Good Times, tamthilia ya vichekesho ya tv, na hapa ndo naomba mhariri usome taratibu. Ni familia ya weusi masikini kwenye maghorofa ya serikali kule Chicago. Mwanzoni walitaka mama alee watoto peke yake, Esther Rolle aliyecheza mama akakataa, akasema mume awepo, ndo akaletwa Amos awe James Evans, baba anayehangaika na kazi mbili akizipata, mkali, ana hasira, ila yupo nyumbani. Rolle alimzidi miaka 19, na Jimmie Walker aliyecheza mtoto wake mkubwa J.J., Amos alimzidi miaka saba na ushee tu, lakini ukiangalia unaamini kabisa hawa ni mke na mume na yule ni mtoto wao.

Shida ikaja kwamba watu walimpenda sana J.J., wale vichekesho vyake na kofia zake, basi waandishi wakawa wanamjaza yeye kila sehemu. Amos akawa analalamika, kwamba kuna binti pale anataka kuwa daktari, kuna mdogo wao anataka kuwa mwanasheria, mbona hao hawapewi nafasi. Na waandishi wengi walikuwa wazungu ambao maisha ya nyumba ya mtu mweusi hawayajui, akawa anagombana nao juu ya skripti. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba wakati ule hakujua kusema na watu kwa upole. Mwaka 1976 wakamwondoa. Sizoni iliyofuata familia inapanga kumfuata Mississippi alikopata kazi, inakuja telegramu kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Wamemuua baba kwa karatasi!

Januari 1977, miezi michache tu baadaye, akaonekana kwenye Roots, ile tamthilia ya tv ya habari za utumwa, usiku nane mfululizo. Huku kwetu ukisema Kunta Kinte watu wanakumbuka kijana anayechapwa mpaka akubali kuitwa Toby, yule ni LeVar Burton. Kunta mtu mzima aliyekatwa nusu ya unyayo kwa kutoroka, akaoa, binti yake akauzwa mbele ya macho yake, huyo ni Amos, na aliyecheza binti mkubwani ni yule yule Leslie Uggams. Mkewe humo ni Madge Sinclair, ambaye kwenye Coming to America ndo malkia. Baadaye kuna muvi ya Die Hard 2, kuna tamthilia ya The West Wing alikuwa mkuu wa majeshi yote, na kuna igizo la jukwaani aliloliandika akalicheza peke yake miaka mingi, Halley's Comet.

Kwa nini yananihusu. Kijana wangu anaigiza vichekesho vya kwenye simu, mwaka jana kundi moja lilimpa nafasi ya baba, na baba mwenyewe kila kipande amelewa, anapigwa na mkewe, anaiba hela ya chakula. Akauliza kama hata siku moja huyu baba anaweza kurudi nyumbani na unga, wakacheka, hawakumwita tena. Alirudi amenyong'onyea. Mimi baba yangu alikuwa mbeba mizigo bandarini, mikono ilikuwa imepasuka, na alirudi kila jioni. Nikamkalisha kijana tukaangalia Good Times, shangazi yake aliyeko Minnesota ndo alitutumia.

Kwa hiyo mhariri naomba mmwandike upya, kwa urefu wake. Na picha msiweke ile ya duka la baga, wekeni ya mwaka 1974 akiwa James Evans na familia yake.

Ni mimi msomaji wako,
Ngamiani, Tanga