Barua kwa Hamisi kuhusu namba ya Shukuru

Kigoma,
17 Novemba 2024.

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Huku sote ni wazima, mama anakusalimu, na deni la barua zako mbili nalikiri kabla hujanikumbusha. Ni usiku wa mbalamwezi, ambao dagaa hawavuliwi, mitumbwi imepandishwa nchi kavu, na ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu. Jambo lililonikalisha ni la Shukuru.

Unajua kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nasi tukakaa miezi mitatu tukishona nyavu zisizo na kazi. Sikupinga kufungwa kwake, kwa kuwa dagaa walikuwa wamepungua na kila mvuvi alilijua hilo hata kama hakulisema. Katika kukaa huko ndipo tulipounda kikundi, vijana saba, cha kukausha na kufungasha dagaa, tukiitegemea ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, na mwaka huu tulipotangaziwa kwamba imerudishwa tulifurahi mno. Katiba tukaiandika, na muhtasari tukaurudia mara tatu, mara moja kwa sababu tu hatukutaja saa ya kufunga kikao. Kilichobaki ni namba ya kitambulisho cha taifa ya kila mwanachama. Sita tunazo, Shukuru hana.

Katika ofisi moja aliyokwenda aliulizwa babu yake alizikwa wapi. Akajibu kwamba alizikwa Kasulu. Akaulizwa ana ushahidi gani. Hamisi, ushahidi wa kaburi ni nini, mgomba uliopandwa pembeni yake? Akaongea Kiha chake, akaambiwa kwamba hata Kirundi husikika hivyo hivyo. Mimi ninaelewa kwamba mkoa wetu uko mpakani na kwamba serikali lazima ijue nani ni nani, lakini huko kwenu Ulyankulu wapo watu ambao wazazi wao walikimbia Burundi 1972, wakapewa uraia 2014, na leo wana vyeti mkononi, jambo ambalo ni haki yao. Huyu wetu, ambaye ukoo wake haujawahi kukimbia kutoka popote, ndiye asiye na karatasi hata moja.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mwezi uliopita, katika zile siku kumi za kuanzia tarehe 11 Oktoba, Shukuru alijiandikisha kwenye orodha ya wapiga kura wa kijiji, na tarehe 27 mwezi huu atasimama foleni pamoja nasi kumchagua mwenyekiti. Hakuna aliyemuuliza habari za kaburi. Ana miaka 22, kwa hiyo kwa umri angeweza hata kugombea ujumbe wa serikali ya kijiji, lakini kwa kukosa namba, laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za shemeji yake, na fedha zake za dagaa hupitia huko, na shemeji, kama unavyomfahamu, hazipitishi bure.

Halafu husemwa kwamba vijana hatushiriki. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hapa kwetu huitishwa saa nne asubuhi, wakati ambao sisi tumerudi ziwani alfajiri, tumekwisha uza, na tumelala. Nilimshauri mwenyekiti auitishe siku za mbalamwezi. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kumenipa matumaini kidogo. Sera ya vijana ya 2007 inatuhesabu kuanzia miaka 15 hadi 35, na sheria ya Baraza la Vijana la Taifa ilipitishwa 2015, nasi huku mwaloni tumeona miaka ikipita bila ya baraza lenyewe. Hata hivyo, kwa sasa ningeridhika na mkutano unaoitishwa saa ambayo niko macho, na Shukuru akiwa na namba yake.

Sasa ombi langu. Mama yake Shukuru alibatizwa Urambo, wakati mzee wao alipokuwa akilima tumbaku huko. Jina lake lazima limo katika kitabu cha ubatizo cha parokia, pamoja na la baba yake na mahali alipotoka. Nimekuandikia majina yote nyuma ya karatasi hii. Tukiipata nakala yenye mhuri, angalau atakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Je, ofisi ya parokia hufunguliwa Jumamosi, au itakubidi uombe ruhusa kazini? Yule katekista, mjomba wake Mama Neema, bado yupo? Nakala hiyo ukiipata utaituma kwa basi, au utakuja nayo mwenyewe kwa treni kama ulivyoahidi tangu Idi? Na kikundi chenu cha asali mlifanyaje, kila mtu alikuwa na namba, au yupo mliyemwacha nje? Tumeshauriwa tumwondoe Shukuru ili fomu ipite. Wenzangu wanne wamekubali, mimi bado. Wewe ungefanyaje?

Nasubiri jibu lako kabla mwezi haujafifia, maana giza likirudi nitakuwa ziwani.

Ndugu yako,
Ramadhani