Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule, Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu katika banda letu. Mwaka huu tumeandaa habari za Abayudaya, Wayahudi wanaoishi kuzunguka Mbale, mashariki mwa Uganda. Darasani mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, hutajwa kama wakala wa Waingereza, kisha mada inafungwa. Habari yenyewe inaanzia hapo.

Kakungulu aliwasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akitarajia kupewa utawala wake mwenyewe, wakamnyima. Akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuitunza Jumamosi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipopingwa kwamba tohara ni ya Wayahudi, alijitenga na kuushika Uyahudi. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja aliyejulikana kwa jina la Yosef aliwafundisha Kakungulu na wafuasi wake kuchinja, sala na kalenda.

Mheshimiwa, kwenye kalenda ndipo wageni wengi wa banda hili wanapokwama. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, ina siku 29 au 30, hivyo mwaka ni kama siku 354. Ukiuacha hivyo, Pasaka itahama majira yake, kama Ramadhani inavyozunguka mwaka mzima. Kwa hiyo katika kila miaka 19 huongezwa mwezi wa ziada mara 7. Siku nayo huanza jua linapozama. Hapa Mbeya mwezi Juni jua huzama karibu saa 12:35 jioni. Kwa desturi ya kuwasha mishumaa dakika 18 kabla, Sabato ingekaribishwa Ijumaa saa 12:17. Anayechelewa haruhusiwi kuwasha tena, kwa kuwa moto ni kazi.

Ibada kamili ya pamoja huhitaji watu wazima 10. Kwa Wayahudi wa Kiothodoksi, wanaoshika sheria za kale kwa ukali, ni wanaume. Abayudaya walio wengi, ambao ni wa mkondo wa Conservative, unaokubali mabadiliko kiasi, huhesabu na wanawake. Wakiwa 9, Torati haisomwi hadharani. Gombo la Torati lina herufi 304,805, huandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama halali, na vipande hushonwa kwa mishipa ya mnyama. Herufi moja ikikatika, gombo halitumiki mpaka lirekebishwe. Mwandishi huweza kukwangua wino na kuandika upya, isipokuwa kosa likiwa katika jina la Mungu: hilo halifutwi, kipande chote huwekwa kando na kuzikwa.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Pigo kubwa lilikuja chini ya Idi Amin, aliyepiga marufuku ibada zao. Wengi walihamia dini nyingine, waliobaki wakasali majumbani kwa siri, wakakadiriwa kuwa kama 300. Baada ya 1979 vijana walianza kulifufua kusanyiko. Mwaka 2002 mamia walipokelewa rasmi katika Uyahudi mbele ya mahakama ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mmoja wao, alihitimu urabi huko Los Angeles.

Dhamira yao haikuishia sinagogini. Mwaka 2004 J.J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alianzisha Mirembe Kawomera, ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika miteremko ya Mlima Elgon. Wenzetu wanaotoka Rungwe na Mbozi wanaijua kazi hiyo: tunda jekundu humenywa siku ileile, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ufikie kama asilimia 12. Likilala kwenye gunia, linachacha na kuharibu ladha. Sasa mtu aliyechuma Ijumaa na Sabato inaingia jioni, asipomaliza kumenya kabla ya jua kuzama, amepoteza mzigo, maana Sabato hairuhusu kazi. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo cha kusanyiko hilo, kuliko hotuba za umoja.

Changamoto yetu ni kwamba watazamaji huwachanganya Waisraeli wa Biblia, raia wa taifa la Israel na wafuasi wa dini ya Kiyahudi. Raia wa Israel wapo pia Waislamu na Wakristo, na Abayudaya ni raia wa Uganda wa makabila mbalimbali.

Tunaomba utusaidie kabati la kioo la kuhifadhia mfano wa gombo, maana vidole vya watazamaji vinalichafua, pamoja na ramani kubwa ya Afrika Mashariki. Tunaomba pia utembelee banda kabla hujaelekea jukwaani.

Tunaomba kuwasilisha.