Kuvuja kwa muhtasari wa kikao chetu

Ndugu wajumbe, habari za jioni.

Jana picha ya ukurasa wa pili wa muhtasari wetu, ule wenye maelezo ya afya ya mwenzetu aliyeomba kubadilishiwa zamu, ilionekana katika simu za watu wa karakana ambao si wajumbe, naye mwenyewe akazisikia habari zake akiwa kwenye foleni ya chakula. Maelezo ya afya ni taarifa binafsi nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo hili si suala la umbea tu. Nimekwisha kumwomba radhi kwa niaba ya kamati.

Naomba tusishutumiane humu. Maneno waliyorushiana wajumbe wawili jana usiku (nami nilichelewa kuyazuia) yameongeza tatizo. Aliyetuma picha anione faragha kabla ya Ijumaa. Waliokwaruzana nitawasikiliza nikiwa na katibu, kila mmoja peke yake kwanza, kisha wote pamoja.

Kuanzia sasa muhtasari utasomwa ofisini kwa katibu bila simu, na mjumbe mwenye undugu au ugomvi na mhusika wa ajenda fulani atatoka nje ajenda hiyo ikijadiliwa.

Mwenyekiti